Mtoto wa Kuamia Ndege

Juzi nilipita kwenye mashamba ya mpunga nje ya Kasongo, nikasikia watoto wakifukuza ndege kwa mayowe. Mtu mzima mimi, na kikapu changu kichwani, nikakaa chini njiani nikalia. Hebu nikueleze, rafiki yangu, usije ukadhani nimerukwa na akili.

Utoto wangu ulipita juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti tulichopandishwa alfajiri ili tuamie ndege mpunga ulipoanza kuzaa. Nilipanda na ndugu yangu wa ziwa. Hatukuwa wa tumbo moja. Mama yangu alitunyonyesha pamoja, mimi kulia, yeye kushoto, na kwa dini yetu hilo linatosha. Wavulana wengine walipiga ndege kwa kombeo wakawachoma. Yeye alipiga kelele tu. Aliwahi kuokota ndege aliyevunjika bawa akamlisha wali aliomtafunia mwenyewe, hata akapona. Tulimtania msimu mzima.

Jioni tulikuta wali mpya na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokolea mawese, siku nyingine na samaki wa Nyangwe. Tukishashiba tulimwomba Bibi ile hadithi yetu, ya jinsi ndugu yangu alivyofika. Marehemu Babu alikuwa akifuatana na watu wenye bunduki wa bwana mkubwa wa mji kutafuta pembe za ndovu vijijini mwa watu. Akarudi siku moja kutoka upande wa Kabambare, akafungua nguo aliyoibeba, akaweka kichanga mkekani, akasema, "Nimekuletea mutoto wa kuamia ndege." Na kichanga chenyewe hata kukaa hakiwezi! Bibi alikuwa akifika hapo anacheka mpaka machozi yanamtoka. Sisi tulicheka, na ndugu yangu, kichwa mapajani mwa Bibi, alicheka kuliko wote. Sijapata kuipenda saa nyingine kama ile.

Alipotoka jandoni akapewa gobori, kama vijana wote wa nyumba zetu, akaenda na msafara uleule wa pembe. Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena, ukavunwa. Bibi hakusali bila kumtaja.

Akarudi mrefu, sauti nzito, ananuka moshi na baruti. Alimbusu Bibi mkono kwa adabu ileile, kisha akafungua nguo aliyoibeba mgongoni. Kitoto cha kike, hakijaota hata jino.

"Bibi," akasema akitabasamu, "nimekuletea mutoto wa kuamia ndege."

Akangoja tucheke.

Bibi akauliza, "Mama yake iko wapi?"

Ndugu yangu alishangaa kweli, hakuwa anajifanya. "Na mama yangu mimi alikuwa wapi, Bibi? Babu hukumuuliza."

Aliyasema kwa upole. Bibi akajifunika uso kwa nguo yake, na kitoto kikaanza kulia, na mama yangu akakichukua.

Habari ikazagaa. Jirani yetu akasema, "Ni damu ile. Mutoto wa nyoka ni nyoka." Mwalimu wa chuo cha Kurani akakataa, akasema kila mtoto huzaliwa safi, mengine hufundishwa nyumbani, kisha akaona aibu, maana alikuwa amekaa kwenye mkeka wetu anakula wali wetu. Mimi sikuhitaji mwalimu. Aliyemtafunia ndege wali hakuzaliwa na ubaya. Aliupata kwetu, jioni, akiwa ameshiba, na sisi tukimpenda. Hilo ndilo linalonivunja moyo mpaka leo.

Vita vya Wazungu vilipofika alikwenda kupigana, hatukupata hata mwili wa kuzika. Mji wetu uliungua. Bibi alikufa akimwita kwa jina lake, na toka siku ile ya kitoto hakuisimulia tena hadithi ile, wala hakuruhusu yule binti apandishwe dunguni. Tulimlea sisi. Sasa ni mama wa watoto.

Juzi hiyo nilikuwa natoka kwake. Tulikuwa tunapepeta mchele, akaniuliza, "Dada, miye nilifikaje hapa kwenu?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Lakini hadithi hiyo najua kuisimulia kwa njia moja tu, ile ya Bibi, na katikati yake watu hucheka. Nikachukua kikapu changu nikaondoka.