Kichwa cha Jumatatu

Mhariri amenisumbua tena niandike kisa cha mume wangu na baruti, kama vile sina mahindi ya kupukuchua. Haya, someni.

Miaka ya hamsini mume wangu alipasua mawe machimboni nje ya Nakuru, kwa baruti ya jeshi iliyobaki vitani. Kila Jumatatu jioni alirudi ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni mdomo wako," aliniambia. "Unaongea Jumapili nzima, Jumatatu kichwa kinapasuka."

Mwishowe akanipeleka Njoro kwa mama yangu. Mbele ya kaka zangu akasema ananirudisha, nisije nikamuua kwa kelele.

Mama akamwambia, "Baba, kwanza peleka hicho kichwa hospitali."

Tulienda wote wawili. Dresa, yule msaidizi wa daktari, hakugusa kichwa. Alimshika mkono, akanusa vidole.

"Mzee, unashika baruti?"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili."

"Basi ni hiyo. Ni unga uliochanganywa na mafuta makali. Yale mafuta hupenya ngozi yakaumiza kichwa. Ukiyashika kila siku, mwili unazoea. Ukipumzika siku moja, mwili unasahau, Jumatatu unaanza upya."

"Na huyu mke wangu?"

Dresa alinitazama. "Huyu ni wa kuongea tu."

Wanaume hunusa kila kitu nyumbani isipokuwa mikono yao. Wangu alirudi Njoro, akasimama mbele ya kaka zangu, akasema mdomo wangu haujawahi kumuumiza. Mama akadai hajasikia vizuri. Mume wangu alirudia mara tatu, kofia mkononi.