Nyota za Saa Tano Asubuhi

Ofisi ya karani wa shule ilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya ofisi ya Mwalimu Mkuu na stoo ya michezo, kwa hiyo ilinuka wino upande mmoja na mipira ya zamani upande wa pili. Droo ya chini ya meza ilifunguka kwa teke tu. Dirisha lilikuwa moja, lenye nondo tano, na kupitia nondo hizo karani aliuona uwanja wa mstarini, mlingoti wa bendera, na kivuli cha mlingoti kikitambaa ardhini kama mtu asiye na haraka.

Mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kalamu mbili nyweleni, moja ya kuandikia na nyingine ambayo tangu asubuhi alikuwa akiitafuta. Wanafunzi walimwita Mama Kengele. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitoka na nyundo kwenda kugonga kipande cha chuma kilichoning'inia barazani, mara kumi na mbili kwa siku, mvua isimzuie. Mumewe, mpaka rangi wa nyumba aliyerudi jioni na chokaa mpaka kwenye kope, aliapa kwamba mkono wa kulia wa mkewe ulikuwa mnene kuliko wa kushoto.

"Ukinipiga, nipige na huo wa kushoto," alimwambia.

"Wewe endelea kuacha ndoo zako mlangoni, utaona nitachagua upi."

Kisha shule ikapata spika nne za kufungwa juu ya paa, na kompyuta ikapewa kazi ya chuma. Sasa kengele ilijipigia yenyewe, na nyundo ikaenda kulala stoo pamoja na mipira.

Kompyuta hiyo ilikuwa nzee. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kufagia ofisi, kupanga mafaili na kusalimiana na walimu wote kabla haijafunguka. Ndipo mwalimu wa kompyuta, kijana aliyeitwa Mwalimu Waya kwa sababu hakuonekana bila waya shingoni, akaja na flashi yake na wazo lake.

"Mama, tusiutupe mfumo wa zamani," alisema. "Programu ya ripoti za wanafunzi inakubali huo peke yake. Lakini diski ni kubwa. Tunaigawa vyumba viwili. Chumba cha kwanza anakaa yule wa zamani na ripoti zake. Cha pili tunaweka mfumo mwingine, mwepesi, wa bure. Kengele tunaihamishia huko."

"Na hao wawili hawatapigana?"

"Hawaonani, Mama. Anapoamka mmoja, mwingine amelala."

Jambo hilo lilimkaa karani kichwani siku nzima. Anapoamka mmoja, mwingine amelala! Tangu siku hiyo, kila alipobonyeza kitufe cha kuwashia, kioo kilikuwa cheusi kwanza, halafu ikatokea mistari miwili ya maandishi meupe, na pembeni tarakimu zikihesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane. Ukikaa kimya, mstari wa kwanza unajichagua. Ukishusha kidole kwenye mshale, unaingia wa pili. Sekunde kumi za kuchagua uamkie wapi. Ni mtu gani mwingine hupewa nafasi hiyo kila asubuhi, tena na kompyuta ya shule?

Aliushusha mshale. Chumba cha pili kilifunguka kabla hajamaliza kuvua koti.

Mle ndani kulikuwa na programu ambazo hakuna aliyeziomba, zilizokuja na mfumo kama shanga zinazobaki mfukoni mwa nguo ya kupewa. Moja ilikuwa na picha ya nyota. Aliifungua saa tano asubuhi, wakati wa chai, akaona uwanja wa kijani na juu yake samawati tupu na jua. Akasema kumbe mchezo wa watoto, akainua kikombe, halafu akakumbuka barua ya mzazi aliyotakiwa kuichapa. Bila kutazama kioo, akidhani dirisha la barua ndilo lililo mbele, akabonyeza herufi ya kwanza ya neno "Aliyetajwa".

Samawati ikazimika.

Jua lilibaki palepale, lakini pande zake zote, kwenye weusi mwororo kama kitambaa cha ndani ya sanduku, nyota zilikuwa zimejaa. Zilikuwepo. Saa tano asubuhi, watoto wakigombania bomba la maji nje, nyota zilikuwa juu ya paa la shule kama kawaida, zimefichwa na mwanga tu. Herufi A ilikuwa imeliondoa pazia. Chai ikapoa. Karani alibaki na kidole juu ya kibodi, akihisi paa la mabati limekuwa jepesi, kana kwamba ofisi yote, na droo yake mbovu, ilikuwa ikielea taratibu kuelekea mahali.

Zamani, kabla ya kozi ya uchapaji, alikuwa msichana aliyeongoza darasa katika jiografia. Alitaka kusomea hali ya hewa. Hakuna aliyemkataza, mambo yalipita tu upande mwingine, akajikuta ana kasi ya maneno sabini kwa dakika na mume mwenye chokaa kwenye kope. Hakuwahi kulalamika. Lakini sasa, kila siku wakati wa chai, kwa nusu saa, alifunga mlango, akabonyeza A, na kuyapeleka macho yake juu.

Mumewe alimwona amebadilika.

"Mke wangu, siku hizi ukikaa unatazama dari. Nipake upya?"

"Iache. Kwani umeshawahi kujiuliza saa hizi kuna nini juu yake?"

"Panya," alisema mumewe, akavua viatu.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha, Jumatatu moja mchana, watu waliokuwa wakichimba mtaro nje ya ukuta walikata waya wa mtandao wa shule. Hakuna aliyejali sana. Kengele haikuhitaji mtandao, wala nyota.

Jumanne saa tano kasoro dakika chache, mzazi mmoja alifika kutaka nakala ya ripoti. Karani akaizima kompyuta, akaiwasha upya, akauacha mstari wa kwanza ujichague, akachapa ripoti, akamsindikiza mzazi mpaka barazani. Aliporudi alikiwasha tena chumba cha pili. Ilikuwa saa tano na robo, chai i mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyota, hakuitupia jicho saa ya pembeni ya kioo.

Saa tano na nusu kengele ikalia. Si ile fupi ya kubadilisha vipindi. Ikalia ndefu, mara tatu, ile ya kwenda nyumbani.

Kwa muda wa pumzi moja shule ilinyamaza, kama mtu aliyeambiwa habari njema mno. Kisha madawati yakapiga kelele. Watoto mia nne na kumi na wawili walimwagika getini, mabegi yakiruka migongoni, na mlinzi akabaki ameshika kofia yake.

Mwalimu Mkuu, mtu mpana mwenye saa ya mkononi aliyorithi kwa baba yake, alisimama mlangoni kwa karani.

"Mama, ni nani aliyeipa shule yangu likizo?"

"Mkuu, hata mimi..." Alitazama kioo. Saa ya kompyuta ilisema saa nane na dakika thelathini na nne.

Mwalimu Waya aliitwa. Akainama, akapuliza vumbi, akasema, "Betri ile ndogo ya ndani. Imechoka."

Karani aliirudisha saa kwa mkono, ikakaa sawa. Jumatano akaingia chumba cha kwanza kuchapa barua ya Mkuu, na barua ikatoka na muhuri wa saa mbili asubuhi, wakati saa tano ilikuwa imeshapita. Akairekebisha na huko. Aliporudi chumba cha pili, kimeruka mbele tena. Ukikiweka sawa hiki, kile kinaharibika. Siku hiyo ilibidi nyundo itolewe stoo.

"Basi," alisema Mwalimu Mkuu, barua yake ya saa za uongo mkononi. "Mimi nataka kompyuta yenye akili moja. Ijumaa saa sita mchana, mwalimu, utafuta hicho chumba cha pili mbele yangu. Kengele irudi kwa nyundo. Mama ana mkono mzuri."

Karani alisema, "Sawa, Mkuu." Angesema nini? Kwamba kuna anga mle ndani? Alirudi akakaa. Mikono yake, iliyochapa mitihani ya masomo yote ya shule ile kwa miaka kumi na moja, iliilaza nyundo kando ya kibodi.

Alhamisi wakati wa chai aliingia chumba cha pili bila kurekebisha kitu. Kama ni mara ya mwisho kasoro moja, alitaka atazame vizuri. Alibonyeza A, nyota zikaja, lakini kitu kilimkera, kama picha iliyotundikwa upande. Jua. Jua la kwenye kioo lilikuwa limeshavuka utosi na kuanza kushukia magharibi. Akageukia dirisha. Miaka kumi na moja ya kwenda na kurudi barazani ilikuwa imemfundisha kivuli cha mlingoti: asubuhi kinaelekea getini, alasiri kinaelekea jikoni. Na sasa kilikuwa kimelala wazi kabisa kuelekea getini.

Akachukua kalamu, ile nyingine, iliyokuwa nyweleni muda wote, akaandika nyuma ya bahasha. Saa ya ukutani: tano na kumi. Saa ya kioo: nane na kumi. Jumanne: tano na dakika thelathini na nne, nane na dakika thelathini na nne. Jumatano: tano kurudi mbili. Tatu. Tatu. Tatu. Hakuna dakika iliyozidi wala iliyopungua.

Betri iliyochoka, alijiuliza, hukosea kwa adabu hivi?

Chini ya picha ya nyota kulikuwa na mstari mdogo ambao macho yake yalikuwa yameupita miezi miwili. Ulionyesha wakati wa hapa, na kando yake wakati ule ambao wataalamu wa nyota wa dunia nzima wanautumia ili wasipishane. Tofauti ya nyakati hizo mbili ilikuwa saa tatu.

Alisimama. Akakaa. Darasa la jiografia likamrudia lote, hata harufu ya chaki: mtoto wa kike amesimama mbele, anazungusha tufe la dunia kwa kidole kimoja.

Kompyuta ina saa moja tu ndani yake, inayotembea hata ikizimwa. Mifumo miwili inaisoma saa hiyohiyo. Mmoja akiamka anasema, huu ni wakati wa hapa nyumbani. Mwingine akiamka anasema, huu ni wakati wa dunia, ngoja niongeze tatu. Kila mmoja ana uhakika. Mtandao ulipokuwepo ulimsahihisha kimyakimya huyu wa pili kila alipoamka, na hakuna aliyejua. Hakuna mbovu, wala hakuna betri iliyochoka. Ni wawili wanaolala kitanda kimoja kwa zamu na hawajawahi kuzungumza.

Mfumo wa pili ulikuja na kurasa zake za msaada, ndefu, kavu, za maandishi tupu. Karani alizisoma Alhamisi yote katikati ya kuchapa ratiba, akiteleza na kurudi, kwa subira ya mtu ambaye ameshachapa mitihani ya kemia bila kuijua kemia. Kabla ya saa za kutoka alimwita Mwalimu Waya na kumwonyesha amri moja, mstari mfupi wa herufi ndogo, wa kuuambia mfumo kwamba saa ya ndani isomwe kama wakati wa hapa.

Kijana aliisoma, akashika paji la uso. "Mama. Na mimi ndiye mwalimu."

"Nyamaza, mwanangu. Niambie kama nimekosea."

"Hujakosea."

Ijumaa, saa sita kasoro robo, Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kiti cha wageni, saa ya baba yake kiganjani.

"Mkuu, kabla hakijafutwa," alisema karani, "niruhusu nikuchapie ile barua upya."

Akauacha mstari wa kwanza ujichague. Barua ikatoka, na saa yake ilikuwa ya kweli. Akazima, akawasha. Mistari miwili. Kumi, tisa, nane. Mshale chini. Karani hakutazama kioo, alitazama nje, ambako kivuli cha mlingoti kilikuwa kimefupika na kujikunja miguuni pake kama paka.

Kengele ya saa sita ikalia. Fupi, moja.

Mwalimu Mkuu aliinua saa ya baba yake, akaitikisa kidogo, akausogeza mshale wake kwa nusu dakika. "Kumbe mimi ndiye niliyechelewa," alinong'ona. Halafu macho yake yakaangukia kioo. "Hii nini?"

"Anga, Mkuu. La hapa juu yetu, sasa hivi." Akabonyeza A.

Mtu yule mpana alisogeza kiti mbele, akasogeza tena. Alitazama mpaka kengele nyingine ikalia, nayo kwa wakati wake. Mwalimu Waya alikuwa tayari amekwisha kuirudisha flashi mfukoni.

"Usifute," Mkuu alimwambia, ingawa hakuna aliyekuwa anafuta. Mlangoni aligeuka. "Mama, kuanzia Jumatatu, wakati wa chai, darasa la jiografia waje kumikumi uwaonyeshe. Na watoto wakienda tena nyumbani saa tano, nitawafuta wote wawili, wewe na chumba chako."

Kumikumi! Karani alibaki peke yake na chai iliyopoa. Nusu saa yake ya kufunga mlango ilikuwa imekwenda. Kuanzia Jumatatu kutakuwa na viwiko, na vikohozi, na mtoto atakayeegemea droo mbovu, na mwingine atakayeuliza kama nyota hula. Alihesabu viti kichwani, akaona viwili tu, akawaza watasimama.

Kisha akaondoa kalamu zote mbili nyweleni, akaziweka mezani, na kwa dakika kumi zilizobaki kabla ya kengele inayofuata akaegemea kiti na kutazama dari.