Matairi Yaliyolika kwa Ndani

Kijicho changu kwa binamu yangu nilikilea mwenyewe, nikakilisha, kikanenepa. Yeye ni mtoto wa shangazi yangu, dada wa baba, na kwetu Uluguruni ukoo unafuata tumbo la mama. Kwa hiyo baba yangu mzazi, akiwaza nani atashika mambo yake, humtazama mpwa wake kwanza. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Mila hiyo naijua tangu utotoni, na bado inaniuma.

Baba aliponunua pikapu ya kushushia ndizi na nanasi kutoka Matombo hadi Morogoro mjini, alimkabidhi binamu aiendeshe. Mimi ni fundi wa magari, gereji ninayo, leseni ninayo, lakini hakuniuliza hata kwa adabu tu. Kazi yangu ikawa kulala chini ya gari linaloendeshwa na mwingine. Na kwa kuwa mabinamu ni watani, yule bwana kila akija gereji lazima anichokoze. "Baba yako ni wangu," huniambia mbele ya wateja. "Wewe umeazimwa tu." Watu hucheka. Mtani hakasirikiwi, basi nami nilicheka nao.

Asubuhi moja mwaka huu walikuja wote wawili. Nikamwamkia baba shikamoo, akaitika huku akinyoosha kidole kwenye matairi ya mbele. Nilikuwa nimeyafunga mapya miezi mitatu tu nyuma. Sasa upande wa nje bado ulikuwa na meno mazuri, na upande wa ndani umelika hadi nyuzi zinachungulia.

"Nini kimeyala?" akauliza.

Fundi mwenye akili angechuchumaa kwanza. Mimi nilijibu nikiwa nimesimama. "Muulize dereva wako. Anaruka makorongo ya Mkuyuni utadhani anafukuzwa."

Nilipata raha kusema hivyo, sitaficha. Baba alimgeukia mpwa wake kwa uso mkali ambao siku zote niliona ameniwekea mimi peke yangu. Binamu hakutania. Alisema tu, "Barabara ni mbaya, mjomba, lakini najitahidi."

Ndipo nikaanza kazi. Nikapima upepo, ulikuwa sawa. Nikapitisha kiganja juu ya tairi. Kwenda kikateleza, kurudi kikakwaruzwa. Dalili hiyo naijua. Magurudumu yametanuka kwa mbele, kila moja linataka kwenda upande wake, kwa hiyo tairi linaburutwa badala ya kubingirika. Shimo kubwa linaweza kuleta hayo likipinda chuma. Nikaomba Mungu liwe shimo.

Nikainua gari kwa jeki, nikajilaza chini. Hakuna chuma kilichopinda. Kilichokuwepo ni nati iliyolegea kwenye tairodi ya kushoto, ile fimbo inayogeuza gurudumu usukani ukizungushwa. Nati hiyo ikilegea, fimbo hujizungusha kidogo kidogo kwa mitikisiko ya njia na vipimo vyote vinahama.

Nina mazoea yangu. Nikishakaza nati ya usukani huichora mstari wa rangi nyeupe, nijue hapo nimemaliza. Nati ya kulia ilikuwa na mstari. Ya kushoto haikuwa nao. Tairodi hiyo niliibadilisha mimi, siku ileile ya matairi mapya, na nilikumbuka vizuri binamu alivyosimama pale akitania kwamba nikaze sawasawa, ni gari la mjomba wake. Nilitoka chini nikiwa nimefura, nikaenda kumjibu. Sikurudi kumalizia.

Nililala pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Niliona viatu vyao. Vya baba vimetulia, vya binamu vinahamahama. Kisha nikamsikia binamu akisema taratibu, "Mjomba, labda ni kweli. Wiki ile ya mvua nilipiga shimo moja kubwa. Nisamehe."

Hata hapo nilimwonea wivu, jinsi neno la kuomba radhi lilivyomtoka bila kukwama.

Nikatoka, nikaingiza pikapu kwenye mashine ya alaimenti, ile ya kunyooshea magurudumu, nikarudisha vipimo, nikakaza nati, nikaichora mstari wake upesi. Hakuna aliyeinama kutazama. Nikafunga matairi mengine.

"Umeona nini?" baba akauliza.

"Vipimo vimehama." Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

"Kwa mashimo?"

"Mashimo huhamisha."

Baba alinyoosha mkono kwa mpwa wake bila kumtazama. Binamu akampa funguo. Baba akanigeukia mimi. "Kuanzia kesho utaendesha wewe," akasema. "Mila ni mila, lakini gari linataka mtu mwangalifu."

Miaka yote nilikuwa nikingoja anitazame vile. Nikazipokea funguo kwa mikono miwili, nikasema asante baba.

Binamu akanishika bega. Nilingoja utani, haukuja. "Afadhali wewe," akasema. "Mimi ningekuja kuua mtu."

Nikamwambia asijisumbue, ajali haina kinga.