Kishonanguo na Suti ya Sufu

Haya nitakayosimulia hamtayaamini, na hata mimi nisingeyaamini kama nisingekuwepo. Mpwa wangu, fundi cherehani, alipata mke kwa sababu ya jani la porini. Si dawa wala uchawi. Ni kishonanguo, kile kimmea cha viwanja vilivyoachwa, ndugu wa alizeti aliyenyimwa kimo: kiua cha manjano, petali nyeupe chache, na kikikauka kinageuka shada la mbegu nyeusi nyembamba, kila moja na vijino vya kung'ang'ania suruali ya mpita njia.

Mtaani wateja walimwita Fundi Kesho, na mnaelewa kwa nini. Ukipeleka gauni, kesho. Ukirudi hiyo kesho, kesho. Bahati mbaya msichana aliyempenda, muuguzi wa zahanati, alikuwa binti wa dereva mstaafu ambaye zamani alihudhuria harusi ya dada yake kwa suruali ya kuazima, tena fupi, kisa fundi wa kesho kesho. Mzee alishatangaza kwamba fundi cherehani hatamwozesha hata paka wake. Alikubali kuonana na huyu mara moja tu, kwa kumheshimu mkewe.

Kwa siku hiyo fundi alijishonea suti ya sufu, rangi ya majivu, akaipiga pasi mpaka mkunjo wa suruali ukawa kama wembe. Mjomba wake, yaani mimi, mtu mwenye akili zake na sura ya kutazamika, nikamletea teksi. Akaikataa. Akikaa, alisema, suruali itajikunja magotini. Basi teksi ikatangulia na mjomba peke yake, na fundi akaenda wima kwa miguu, akakatiza kiwanja kilichoachwa nyuma ya karakana moja. Njia nzima alichunga viatu visiguse tope. Kilichokuwa kikipanda juu ya viatu hakukiona.

Alipofika mlangoni, suti ilikuwa imeota manyoya meusi kutoka miguuni mpaka kiunoni. Binti alijificha nyuma ya pazia akicheka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kishonanguo kikishika sufu hakitoki kwa brashi, ni kuchomoa mbegu moja moja, kwa hiyo mama mwenye nyumba akampa shuka na kumwamuru avue suruali. Mchumba wa watu akakaa sebuleni kajifunga shuka la maua, familia nzima imeinamia suruali yake kama wanaochambua mchele.

Mzee alianza kuchomoa kwa hasira, kisha polepole. Mbegu nyingine zilikuwa zimepenya mpaka ndani. Akaigeuza suruali, akavaa miwani.

"Huku ndani nani anaona?"

"Hakuna, mzee."

"Mbona umeshona vizuri kuliko nje?"

"Suruali huanza kufumukia ndani, mzee. Nje tunakuja kuona baadaye."

 Mzee akaingia chumbani, akatoka na suruali yake ya zamani ya kazi, imefumuka makalioni, akaitupa mapajani kwa fundi.

"Hii nitaipata lini?"

Binti akaacha kuchomoa. Fundi alifungua mdomo, na ile kesho ikamfika kwenye ncha ya ulimi, wote waliiona. Akaimeza.

"Wiki mbili, mzee. Nina kazi za watu niliowadanganya."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani, akamwambia mkewe amletee mkwe wake chai. Habari ya paka haikutajwa tena.

Na hapo ndipo mjomba aliposimama. Jamani, ilikuwa hotuba! Majirani walijaa dirishani, mzee alilia kwa sauti, akanishika mikono yote miwili akasema tangu azaliwe hajawahi kusikia maneno matamu kama ya—

"Mjomba," anasema fundi, kumbe muda wote yuko nyuma ya kiti changu anasoma ninayoandika, suruali ya mteja begani, "wewe ulikuwa umelala kwenye teksi."