Siku Tuliyotumwa Kumleta Mwende

Enzi zetu pale Machakos mjini, kukosa shule hakukuwa siri yako na mzazi wako. Ukikosa siku mbili tu, wenzako wanatumwa kwenu. Walikuwa wanapita sokoni katikati ya magunia ya ndengu wakiimba jina lako, na majirani wote wanatoka milangoni kumwona mtoro ni nani. Mama yangu alizoea kusema, "Shule si kwa shangazi yako, ati unaenda ukijisikia."

Tulibanana wanne kwenye dawati la watu wawili. Hesabu za kugawanya zilitutoa jasho kweli, na hata saa sita, tulipofungua mikebe yetu ya muthokoi uliolala, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bado zilikuwa zinatuwanga kichwani.

Mwende, niliyekaa naye, ndiye aliyekosa zaidi. Mama yake alikuwa amepata kazi ya kushona kiwandani Athi River, akawa anaondoka alfajiri kila siku, na mdogo wake Mutuku akabaki mikononi mwa Mwende. Mwalimu Mutheu alishasema: asipofanya mtihani wa mwisho wa mwaka, atarudia darasa la sita. Niliumia sana. Sikuwa na rafiki mwingine.

Asubuhi ya mtihani nafasi yake ilikuwa wazi. Tukatumwa, na siku hiyo hakuna aliyeimba. Tulimkuta uani anafua nepi, sare amevaa, mtoto mgongoni.

"Sasa nitamwachia nani?" akatuuliza.

Tukarudi mikono mitupu, tukamweleza mwalimu. Akatukodolea macho.

"Kwani nilisema mtoto abaki? Si mkuje na yeye!"

Tulikimbia! Tukarudi na Mwende huku tukipokezana kumbeba Mutuku. Mwalimu akamfunga mgongoni kwa leso, akasimamia mtihani mzima akipita kati ya madawati, akimbembeleza kwa sauti ya chini. Sijawahi kuona darasa limetulia vile. Mwende alipita, tena kwa shida, lakini alipita, na tukaingia la saba pamoja. Nikikumbuka, machozi hunilengalenga hadi leo.

Watoto wa siku hizi wana raha zao. Wangu akitumwa dukani hapo nje anadai miguu inauma, na hesabu anaiuliza simu. Mtoto akikosa shule, mzazi anatumiwa ujumbe, basi, yamekwisha. Juzi nilimuuliza mwanangu kuhusu mwenzake wa dawati, kwa maana siku nyingi sijamsikia akimtaja.

"Huyo hakujangi siku hizi, Mum."

"Anakaa wapi?"

"Sijui. Hakuna mtu ameuliza."

Nilimtazama mwanangu huyu mpole, asiye na ubaya na mtu yeyote, nikaona uchungu. Nikamwambia avae viatu, tutauliza nyumba kwa nyumba.