Fundo la Kamba ya Katani

Kamba mpya ya katani ikilowa hutoa harufu ya majani yanayoanza kuvunda. Leo, nilipokuwa namfunga mbuzi wangu, harufu hiyo ilinirudisha kwenye uwanja wa shule ya Wadachi, Wajerumani wa enzi zile, kule Korogwe.

Mwalimu wa mazoezi, mtu wa pwani mwenye sauti kama tarumbeta, alituchezesha kwata kila asubuhi, kisha akatuzungushia kamba ya katani kifuani. Ilikuwa na fundo moja la kipimo. Aliyevuta pumzi mpaka kifua kikalifikia fundo alipewa bunduki ya mti na kuhamia mstari wa mbele. Mimi nilibakiza vidole viwili tu, wala sikuwa na shaka kwamba nitalifikia.

Siku moja mama alipita na mtungi wake akitoka mtoni, akasimama.

"Mwalimu, watoto hawa wanalima, wanachota maji. Vifua vipana hivi ni vya kazi gani?"

"Vya serikali, mama. Inataka watu wenye nguvu, wanaotii."

Mama akaenda zake. Zamu yangu ilipofika, nilivuta pumzi mpaka macho yakanitoka, nikalifikia fundo. Nilirudi nyumbani na bunduki begani, nikipiga hatua kama askari, nikailaza kando ya kitanda.

Asubuhi bunduki haikuwapo. Nilimkuta mama shambani, ameshalima kipande kikubwa. Bunduki yangu alikuwa ameikata kitako, akaifanya mpini wa jembe.

Nilisimama mbele yake, kifua nimekitunisha.

"Haya, mwanangu," akasema bila kuacha kulima. "Sasa pumua."