Boneti za Kanini

Ukiharibu rangi ya gari lako popote kati ya Thika na Juja, na hutaki mtu ajue mahali palipopigwa upya, utaambiwa umtafute Kanini. Yuko Kamenu, kwenye gereji ya Muriithi, na huu ni mwaka wake wa kumi na saba. Hatumii mashine kupima rangi. Anauangalia mlango wa gari juani, anauangalia tena kivulini, kisha anachanganya kwenye mkebe: nyeupe ya kutosha, tone la nyeusi, manjano kidogo sana kwa ncha ya kijiti. "Nyeupe si rangi moja," huwaambia wateja wanaomharakisha. "Mimi nazijua kama thelathini."

Mambo yake mengine yalianza na boneti ya pikapu. Muriithi alikuwa ameinunua kwa wauza vyuma chakavu ili aifunge kwenye gari la mteja, halafu mteja akabadilisha nia. Jumatatu moja isiyokuwa na kazi, Kanini aliimwagia maji ya sabuni akaanza kuisugua kwa msasa. Alitaka kuitoa rangi yote. Alipofika katikati akasimama. Chini ya rangi ya juu, damu ya mzee, kulikuwa na manjano. Chini ya manjano, utepe mwembamba wa kahawia, kisha kijani, kisha bluu, hadi chuma chenyewe kikaanza kumeta. Alipokaza mkono, duara alilosugua lilipanuka; alipoulegeza, lililofuata likawa dogo. Kila duara lilikuwa na kingo za rangi zote hizo, kama kitunguu kilichokatwa.

"Mama Mutiso," Muriithi alimwita Kanini, "hiyo unaimaliza ama unaichezea?"

"Naichezea, bosi."

Aliichezea siku tatu, kila alipopata nafasi. Alipoipaka vanishi ya mwisho na kuisimamisha ukutani, Muriithi aliizunguka mara mbili.

"Sasa hii ni nini? Ni maua? Ni ramani?"

"Ni rangi tu."

"Ngai! Kumbe nalipa mtu asugue rangi tu."

Lakini hakuitupa. Aliitundika mwenyewe juu ya kompresa, akidai ni ili wateja wasiikanyage.

Kufikia mwisho wa mwaka boneti zilikuwa kumi na moja. Kanini alikuwa amejifunza kubandika utepe wa karatasi ili apate mistari iliyonyooka, na kuacha mahali pengine bila kupagusa kabisa. Alijifunza pia kutonyoosha kila mbonyeo. Kazi ya gereji ni kuondoa mbonyeo. Kumbe ukiuacha, mwanga unavunjika pale na rangi moja inakuwa mbili. Hilo lilimfurahisha kuliko yote, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku moja akaja Lynn, mwalimu wa usanifu wa majengo kule chuoni Juja. Mlango wa gari lake ulikuwa umekwaruzwa na lango, lakini alipoziona boneti aliusahau.

"Ni nani amefanya hizi?"

Kanini alidhani kuna kosa. "Ni mimi, mwalimu. Lakini si kazi ya gereji, ni mchezo tu."

"Mchezo? Kuna watu wanasomea hii miaka minne. Wanaiita sanaa dhahania. Wewe unaiitaje?"

"Mimi naiita kusugua."

Lynn alicheka hadi akaketi kwenye tairi. Kabla hajaondoka alikuwa ameshamwomba boneti sita. Yeye na wenzake walikuwa wamekodi stoo ya zamani ya kahawa mjini Ruiru, wafanye maonyesho ya wasanii wa huku.

Siku ya kufungua, Kanini alivaa nguo yake ya kanisani na kusimama karibu na mlango, tayari kutoroka. Boneti moja walikuwa wameitundika juu chini. Aliiangalia, akaona inapendeza zaidi hivyo, akaiacha.

"Sasa auntie," kijana mmoja alimuuliza, "hii inafaa kuwa nini?"

"Ni rangi."

"Na hii?"

"Rangi pia."

Kijana aliitikia kwa adabu kama mtu aliyepewa chai bila sukari. Kanini akatamani kurudi Kamenu.

Ndipo akaingia mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, mkononi ana mfuko wa mbegu za maharagwe. Aliangalia kuta zote, akamjia Kanini moja kwa moja.

"Habari, mama. Mnauza spea? Nimeziona kutoka barabarani. Natafuta boneti ya pikapu."

"Hapana, mzee. Hizi ni za kuangalia."

"Za kuangalia!" Mzee akazitazama upya, sasa kwa huruma. Alipofika kwenye ile boneti ya kwanza, mfuko ulimponyoka. Aligusa matundu mawili madogo kwenye ukingo. "Haya nilitoboa mimi. Kufuli ya boneti ilikufa nikiwa Matuu na mzigo wa maembe, nikaifunga na waya. Mama, hii ni gari yangu."

Jina lake lilikuwa Nzioka. Kanini alimletea kiti lakini hakukaa. Alianza kusoma rangi kwa kidole, kutoka ndani kwenda nje. Bluu ndiyo aliyoinunua nayo. Kijani, alipopata kazi ya kukibebea mizigo chama cha wakulima wa kahawa. Wao ndio walioitaka hiyo. Manjano, miaka ya kusambaza mikate. Damu ya mzee, alipostaafu na mkewe akapewa nafasi ya kuchagua. Watu walikuwa wamesogea, yule kijana mbele yao. Mzee alimpigia mkewe simu, na baada ya nusu saa Mama Kaluki alifika kutoka sokoni, akasikiliza hesabu yote ya rangi tangu mwanzo.

"Umeruka moja," alisema. "Hii kahawia."

"Hiyo si rangi. Ni ile ya kupaka chini kwanza."

"Ya chini wapi! Huo ni ule mwaka hukuwa na kazi. Uliipaka nyuma ya jikoni na brashi ya nyumba, ukarushia hadi kuku wangu."

Mzee aliuinamia ule utepe wa kahawia, akaufuata kwa kidole. "Ni kweli," alisema. "Kuku mmoja alikuwa wa kahawia hadi Krismasi." Stoo nzima ikacheka, na Mama Kaluki akamshika mumewe mkono.

Hapo Kanini aliona tatizo. Pembeni ya boneti Lynn alikuwa amebandika alama nyekundu: daktari wa meno wa palepale Ruiru alikuwa ameshainunua kwa ajili ya chumba cha wagonjwa kungojea. Kanini alimfuata daktari akamweleza ilikuwa ya nani. Daktari hakuiachilia boneti, lakini alimwambia Mzee Nzioka aje kuiona siku yoyote, na aje na amtakaye.

Mzee alilichukua neno hilo kama lilivyo. Ana meno sita, na hakuna hata moja linalomsumbua, lakini karibu kila mwezi huwa pale na wajukuu, akiwaeleza wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba habari za maembe ya Matuu. Daktari anasema wagonjwa hawalalamiki tena wakichelewa kuitwa.

Naye Kanini sasa analetewa vitu vya kila aina: mlango wa friji kutoka Juja, geti la kanisa, sanduku la bati la mama mmoja wa Kiandutu lililopakwa rangi mara nyingi na dada zake kabla halijamfikia. Wanataka awafunulie rangi za chini. Muriithi analalamika kwamba hana tena pa kuegesha magari. Juzi lakini Kanini alimkuta ameegemea mlango wa ofisi yake mwenyewe, akiukwaruza taratibu kwa ukucha.

"Mama Mutiso," alisema bila kugeuka, "hapa chini naona kama kuna zambarau. Leta msasa."